Jinsi ya Kufuatilia Asili na Maana ya Neno: Mfano wa "Ushirikina"

Mtu anayesoma na kusikiliza Kiswahili jijini Nairobi hukutana na neno "ushirikina" katika mazingira yasiyofanana. Ripota wa mahakamani huliandika anaposimulia kesi ya mzee aliyedaiwa kuwaroga ng'ombe wa jirani. Khatibu hulitamka siku ya Ijumaa anapowaonya waumini wasiombe haja zao makaburini. Mtafsiri wa kijitabu cha afya hulitumia kueleza imani kwamba kifafa huletwa na mapepo. Wote watatu wanazungumzia imani wanayoiona kuwa si ya kweli, lakini kila mmoja ana kosa lake akilini, na msomaji asiyejua historia ya neno atadhani kwamba wanasema jambo moja. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufuatilia asili ya neno la namna hii na kupima maana zake kwa kutumia vitabu na maktaba zilizo karibu nasi. Nimelichagua "ushirikina" kwa sababu ushahidi wa safari yake umebaki ndani ya umbo lake lenyewe, jambo lisilo la kawaida kwa maneno ya mkopo, na kwa sababu neno hili likitumiwa ovyo huumiza watu.

Kusanya matumizi kabla ya kufungua kamusi

Wengi huanza na kamusi, na hilo ndilo linalowapotosha, kwa kuwa kamusi hukupa maana iliyokwisha kukatwa na kupangwa na mtu mwingine. Anza na sentensi. Chukua daftari na unakili sentensi nzima kila unapolikuta neno: katika Taifa Leo, katika taarifa za redio, katika mawaidha, katika mahubiri, katika vitabu vya shule. Usinakili neno peke yake wala kipande cha sentensi, kwa sababu maana ya neno kama hili hukaa katika kitenzi na vihusishi vinavyolizunguka. Andika pia msemaji ni nani, anamwambia nani, na anamzungumzia nani.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Ukishakusanya sentensi za kutosha utaona kwamba "ushirikina" karibu kila mara ni mali ya mtu wa tatu: wao ni washirikina, yule anafanya mambo ya kishirikina, kijiji kile kimejaa ushirikina. Hutapata kwa urahisi mtu anayesema "mimi ni mshirikina" kama anavyoweza kusema "mimi ni Mkristo", "mimi ni Mwislamu" au hata "mimi siamini dini yoyote". Mganga anayebandika tangazo lake kwenye nguzo ya umeme akiahidi kurudisha mume aliyepotea hajiiti mshirikina. Anajiita mganga, tabibu au, siku hizi, daktari wa miti shamba. Kwa hiyo neno lenyewe ni jina la kubandikwa, na yeyote anayelitafutia maana ni lazima aulize kwanza ni nani aliyelibandika.

Litenganishe neno

Hatua inayofuata ni ya kisarufi. Ondoa kiambishi awali "u-" kinachounda majina ya dhana, nawe utabaki na "shirikina". Weka "m-" utapata "mshirikina", weka "wa-" utapata "washirikina", weka "ki-" utapata sifa katika "imani za kishirikina". Hadi hapo neno linatii sarufi ya Kiswahili bila taabu yoyote.

Sasa tafuta ndugu zake. Kiswahili kina kitenzi "shiriki", na kutoka hapo, au kutoka shina lilelile, tuna shirika, mshirika, ushirika, ushirikiano, shirikiana, shirikisha na shirikisho. Mkenya wa kawaida anaishi ndani ya ukoo huu wa maneno. Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo husherehekea Siku ya Ushirika Jumamosi ya kwanza ya Julai. Mwanglikana na Mpresbiteri hupokea Ushirika Mtakatifu kanisani. Wanasiasa husema kuhusu shirikisho la Afrika Mashariki kila wanapokutana Arusha. Wazo linalounganisha maneno haya yote ni kuwa na fungu katika jambo pamoja na mwingine.

Hapa ndipo mtafiti anapotakiwa kuwa mwangalifu, kwa maana ufanano kati ya "ushirika" na "ushirikina" unavutia, na mtu anaweza kuridhika haraka kwa kusema kwamba ushirikina ni ushirika kati ya binadamu na mapepo. Jiulize swali dogo: silabi "-na" imetoka wapi? Kiswahili kinacho kiambishi "-an-" cha kauli ya kutendana, kama katika "shirikiana", lakini hicho kingetupa "ushirikiano", neno ambalo tayari tunalo na lina maana nyingine kabisa. Hakuna kiambishi tamati cha Kiswahili cha umbo "-ina" kinachogeuza shina kuwa jina la mtu au la dhana. Mabaki ambayo sarufi yako haiwezi kuyaeleza ni dalili kwamba neno liliingia likiwa limekwisha kuundwa kwingine, na kwamba mabaki hayo yalikuwa na kazi katika lugha hiyo nyingine.

Rudi kwenye lugha iliyokopesha

Lugha hiyo ni Kiarabu. Kamusi za Kiarabu zinazowafaa wanafunzi, kama ile ya Hans Wehr, hupangwa kwa mizizi ya konsonanti na si kwa herufi za mwanzo za maneno, kwa hiyo utafute mzizi wenye konsonanti tatu: sh, r, k. Chini yake utakuta kitenzi cha msingi, sharika, chenye maana ya kushiriki au kuwa mbia, na jina sharika, yaani kampuni au shirika. Ukiendelea utafika kwenye umbo la nne la kitenzi hicho, ashraka, ambalo maana yake ni kumfanya mtu awe mshirika, kumpa mtu fungu. Likitumiwa kumhusu Mungu, ashraka humaanisha kumpa Mungu mshirika asiyestahili kuwapo: kumweka kando yake kiumbe, sanamu au nguvu nyingine na kuipa sehemu ya kile kilicho chake peke yake. Tendo hilo huitwa shirk, na mwenye kulitenda huitwa mushrik.

Sasa tazama wingi wa mushrik. Kiarabu cha fasihi husema mushrikuna pale jina linapokuwa mtenda, na mushrikina, kwa i ndefu, pale linapokuwa mtendwa au linapofuata kihusishi. Hapo ndipo ilipo silabi yetu ya ziada. Mtoto yeyote aliyepitia madrasa ya Eastleigh au ya South B amelisikia umbo hilo, kwa sababu aya ya kwanza ya Sura Al-Bayyina, sura ya 98, iliyo ndani ya Juzuu Amma wanayoanza nayo watoto, inawataja watu wa Kitabu "wal-mushrikina" na kuendelea na neno linalofuata bila kituo, hivyo vokali ya mwisho inasikika kamili.

Kiswahili kililipokea neno hili kwa namna mbili za kuvutia. Kwanza, silabi "mu-", ambayo kwa Kiarabu ni alama ya jina la mtenda, ilisikika masikioni mwa Waswahili kama kiambishi cha ngeli ya watu, ikafupishwa kuwa "m-" na kupewa wingi wa "wa-". Jambo hilohilo lilitokea kwa musafir aliyekuwa msafiri na wasafiri, kwa munafiq aliyekuwa mnafiki na wanafiki, na kwa muallim aliyekuwa mwalimu na walimu. Pili, alama ya wingi ya Kiarabu, "-ina", haikutambuliwa kuwa ni wingi, ikachukuliwa kuwa sehemu ya shina. Matokeo yake ni kwamba "mshirikina" ni umoja uliojengwa juu ya wingi, na "washirikina" ni wingi juu ya wingi. Usidhani kwamba hili ni tukio la pekee: "malaika" nalo ni wingi kwa Kiarabu, umoja wake ukiwa malak, lakini sisi husema malaika mmoja bila wasiwasi.

Pamoja na hayo, vokali "i" imechomekwa kati ya "sh" na "r", kwa sababu Kiswahili hakipendi konsonanti kugongana; "i" iliyo kati ya "r" na "k" ilikuwamo tayari katika mushrik. Ndiyo maana mushrik imeingia ikiwa imepanuliwa. Waislamu husema pia "shirki", umbo lililobaki karibu zaidi na Kiarabu, na kuwapo kwa maumbo mawili ya neno moja, moja la kitaalamu na jingine la mitaani, ni jambo la kuandikwa katika daftari.

Kuna hoja nyingine ndogo ambayo naiona kuwa na uzito. Maneno ya Kiarabu yanayoishia kwa "n" yanapoingia Kiswahili kwa njia ya mazungumzo mara nyingi huongezewa "i": miskin imekuwa maskini, shaytan amekuwa shetani. Kama mushrikin angeingia kwa mazungumzo ya bandarini, tungetarajia "mshirikini". Kwamba tunayo "mshirikina" kunaelekeza kwenye usomaji, mahali ambapo vokali za mwisho hutamkwa: msikitini na chuoni. Kwa maoni yangu neno hili lilitoka kwenye kisomo, na maana yake ya kwanza katika Kiswahili ilikuwa ya wanazuoni.

Kamusi zipi, na wapi

Sasa ndio wakati wa kufungua kamusi, na ufungue zaidi ya moja, kuanzia ya zamani. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf ilichapishwa London mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na imejengwa hasa juu ya Kiswahili cha Mombasa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka wa 1939 hupanga maneno kwa mashina, kwa hiyo usitafute "ushirikina" kwenye herufi U bali uende kwenye S. Wanafunzi wengi huifunga wakidhani neno halimo. Kamusi ya Charles Sacleux, iliyochapishwa Paris kuanzia mwaka wa 1939, imeandikwa kwa Kifaransa, lakini mtu asiyejua Kifaransa bado anaweza kunufaika na alama zake za lahaja na asili. Kisha ufuate Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la kwanza la 1981 na matoleo ya baadaye, halafu Kamusi Kuu ya Kiswahili ya mwaka wa 2015. Ukizilinganisha, angalia mambo mawili tu: maana ipi imewekwa ya kwanza, na kama maana ya kidini imetengwa na maana ya uchawi au zimechanganywa katika sentensi moja.

Kwa mkazi wa Nairobi, mahali pa kuanzia ni katikati ya jiji. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, iko kwenye Barabara ya Banda, na jirani yake ni Msikiti wa Jamia ambao una maktaba yake ya vitabu vya Kiislamu. Mtu anayefuatilia neno hili anaweza kutumia asubuhi katika jengo moja na alasiri katika jengo la pili bila kulipa nauli ya matatu. Maktaba ya Jomo Kenyatta katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Maktaba ya Taifa zina kamusi za kitaaluma. Uliza kwanza masharti ya kuingia kwa wasio wanachama. Kamusi za zamani ambazo haki zake zimekwisha hupatikana pia kwenye intaneti zikiwa zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na picha hizo ni bora kuliko maandishi yaliyochapwa upya, ambayo mara nyingi hukosea herufi za Kiarabu.

Soma maandishi yaliyolibeba neno

Kamusi hukuambia neno lilimaanisha nini. Maandishi hukuonyesha lilivyofanya kazi. Kwa neno hili, maandishi ya kwanza kutazamwa ni tafsiri za Qur'ani. Tafsiri ya Kasisi Godfrey Dale, Mwanglikana wa Zanzibar, ilitoka mwaka wa 1923. Tafsiri ya Mubarak Ahmad Ahmadi, mmisionari wa Jumuiya ya Ahmadiyya, ilitoka Nairobi mwaka wa 1953. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilichapishwa na Islamic Foundation hapahapa Nairobi mwaka wa 1969. Watu hawa watatu hawakukubaliana: kila mmoja aliona katika dini au madhehebu ya mwingine imani isiyo sahihi, na al-Farsy aliandika waziwazi dhidi ya Ahmadiyya. Kwa hiyo unapolinganisha jinsi wanavyofasiri aya moja, unawasoma watu waliokuwa wakibishana juu ya jambo lenyewe ambalo neno linalitaja.

Anza na Sura Luqman, aya ya 13, ambapo Luqman anamwonya mwanawe asimpe Mwenyezi Mungu mshirika, kwa kuwa shirki ni dhuluma kubwa. Kisha usome Sura An-Nisaa, aya ya 48, inayosema kwamba Mwenyezi Mungu hasamehe kushirikishwa na husamehe yaliyo chini ya hapo kwa amtakaye. Katika aya hizi hamna uchawi, hamna paka mweusi, hamna bundi aliyelia juu ya paa. Kosa linalotajwa ni la kumgawia mwingine haki ya Mungu, na uzito wake unatokana na hapo. Wanazuoni waliendelea kuligawanya katika shirki kubwa na shirki ndogo, na katika shirki ndogo wakaweka riya, yaani kufanya ibada ili watu wakuone. Mtu anayerefusha sala yake kwa sababu mkwewe amesimama nyuma yake anaangukia humo, ingawa hakuna gazeti la Nairobi litakaloandika kwamba amenaswa katika ushirikina.

Neno lilitokaje hapo hadi kwenye hirizi na kafara? Njia yake inaeleweka. Anayekwenda kwa mizimu kuomba mvua, anayevaa hirizi akiamini kwamba ndiyo inayomlinda, anayeuliza nyota kabla ya kufunga safari, huyo, kwa hoja ya mwanazuoni, amekipa kiumbe uwezo wa Muumba. Vitendo vya uganga vikawa mifano ya shirki. Neno lilipopanda kutoka pwani hadi bara na kuingia vinywani mwa watu wasioifuata hoja hiyo, mifano ilibaki na hoja ikaachwa. Msomaji wa Nairobi akarithi orodha ya vitendo bila kujua ni nini kinachoviunganisha, na baada ya muda akaviunganisha kwa namna yake: hayo ni mambo yasiyo na ushahidi, ni mambo ya giza. Naye Mkristo, ambaye amesoma jinsi Paulo anavyowaonya Wakorintho wasishirikiane na mashetani, hulisikia neno kama ushirika wa mtu na pepo, na kwake maana hiyo inaonekana kuwa wazi kabisa. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika maana ya kwanza, anayepewa mshirika ni Mungu. Katika ya pili, anayepata mshirika ni mwanadamu.

Ukitaka kuona tofauti hiyo ikifanya kazi, rudi kwenye daftari lako utazame kitenzi "shirikisha". Kwa Mwislamu, kumshirikisha Mwenyezi Mungu ni dhambi isiyo na mfano, na Waswahili walitumia kauli yao ya kutendesha, "-isha", kufasiri kwa usahihi umbo la nne la Kiarabu. Lakini pita mbele ya kanisa lolote la Kayole au Kawangware siku ya Jumapili na utasikia mhubiri akihimiza: "Mshirikishe Mungu katika biashara yako, mshirikishe katika ndoa yako." Anamaanisha usimwache Mungu nje, na waumini wanaitikia amina. Kitenzi ni kimoja, mtendwa ni mmoja, na hukumu ni kinyume kabisa. Kinachovitenganisha ni kihusishi: mmoja anashirikisha Mungu "na" kitu, mwingine anamshirikisha "katika" jambo. Ndiyo sababu nilisisitiza kunakili sentensi nzima.

Linganisha na neno jirani

Neno haliwezi kupimwa likiwa peke yake, kwa hiyo chagua jirani mmoja na umpitishe katika hatua zilezile. Jirani anayefaa ni "uzushi". Huyu ni mzaliwa wa lugha za Kibantu: kuna kuzua, kuzuka na kuzusha, na uzushi ni kile kilichozushwa, kilichoibuka bila kuwa na mzizi wa zamani. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union walilitumia kufasiri neno la Kigiriki hairesis, ambalo asili yake ni kuchagua, na baadaye kundi la watu waliochagua njia fulani. Katika Wagalatia 5:20 uzushi umetajwa pamoja na fitina na faraka, na katika Tito 3:10 mtu mzushi anapaswa kuonywa mara mbili na kisha kukataliwa. Hata hivyo, katika Matendo 5:17 neno hilohilo la Kigiriki linapowataja Masadukayo, wafasiri waliandika "madhehebu". Wala hawakukosea, kwa sababu hairesis yenyewe ilikuwa imeanza kama jina lisilo na lawama. Kisa chenye kufundisha zaidi ni Matendo 24:14, ambapo Paulo anajitetea mbele ya liwali Feliki akisema kwamba anamwabudu Mungu wa baba zake kwa Njia ile ambayo washtaki wake wanaiita uzushi. Anayebandikwa neno amesimama na kusema wazi kwamba neno si lake.

Waislamu nao hutumia "uzushi" kufasiri bid'a, yaani jambo lililoingizwa katika dini bila kuwa na mfano wa Mtume. Hapa Kiswahili kimekaribia Kiarabu kuliko kilivyokaribia Kigiriki, kwa maana mzizi wa bid'a ni kuanzisha kisichokuwapo, na kuzua ni hilohilo. Kwa hiyo neno moja la Kibantu limebeba kosa la Kikristo la kuchagua njia ya pembeni na kosa la Kiislamu la kuongeza, halafu mitandaoni linabeba habari ya uongo kuhusu kifo cha mtu maarufu. Liandikie ukurasa wake, lakini usiliache likuhamishe kutoka kwenye neno uliloanza nalo.

Usikope historia ya neno la kigeni

Kosa linalojirudia katika insha za wanafunzi ni kueleza asili ya "ushirikina" kwa kutumia historia ya neno la Kilatini superstitio, lililozaa neno la Kiingereza superstition, kwa sababu kamusi ya Kiingereza na Kiswahili imeweka superstition na ushirikina bega kwa bega. Kutafsiriana si kuzaliana. Neno la Kilatini limejengwa kwa sehemu mbili zenye maana ya juu na kusimama, na hata Warumi hawakukubaliana jinsi sehemu hizo zilivyotoa maana ya imani potofu. Cicero, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza kwamba jina hilo liliwahusu watu waliosali na kutoa dhabihu kutwa nzima ili watoto wao wabaki hai baada yao. Lactantius, mwandishi Mkristo aliyeishi karne kadhaa baadaye, alilipinga elezo hilo na kuleta lake. Kigiriki nacho kilikuwa na deisidaimonia, neno lililounganisha hofu na miungu, na ambalo lingeweza kuwa sifa njema au lawama kutegemea msemaji. Lugha tatu, picha tatu: kusimama, kuogopa, kugawia. Ukizichanganya utapata hadithi nzuri isiyo ya kweli, na ni aibu iliyoje kuandika etimolojia ya uongo kuhusu neno linalohusu imani za uongo.

Fanya uamuzi na uandike

Baada ya kazi hii yote unapaswa kufikia maamuzi yanayotumika. Ukiwa mhariri wa habari za mahakamani, kumbuka kwamba Kenya ina Sheria ya Uchawi ya mwaka wa 1925, Sura ya 67, na kwamba sheria hiyo inahusu uchawi. Mtu hashtakiwi kwa ushirikina nchini Kenya. Andika "uchawi" pale shtaka linaposema uchawi, na uache "ushirikina" kwa maneno ya mashahidi kama walilitamka. Tahadhari hii si ya kisarufi tu: wazee wamevamiwa na kuuawa katika nchi hii kwa sababu ya jina walilopewa na majirani, na mwandishi hapaswi kuwaongezea jina la pili.

Ukiwa mtafsiri wa maandishi ya afya au ya sayansi, "imani potofu" au "dhana potofu" hutosha karibu kila mahali, kwa kuwa hazimhusishi Mungu na hazimhukumu mtu dini yake. Kuamini kwamba chanjo huleta utasa ni dhana potofu. Kuiita ushirikina ni kuongeza lawama isiyokuwamo katika matini asilia. Ukiwa mwandishi wa mambo ya dini za Kiafrika, uzito ni mkubwa zaidi. Wagikuyu waliomwomba Ngai chini ya mti wa mugumo wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, waliamini kwamba Ngai ni mmoja. Kuziita ibada zao ushirikina kwa maana ya Kiarabu ni dai la kiteolojia linalohitaji kuthibitishwa, na kuziita hivyo kwa maana ya mitaani ni kuwatukana bila hoja. Tumia "imani za jadi" na umwachie msomaji hukumu.

Mwisho, andika kidahizo chako, yaani neno na maelezo yake kama yanavyowekwa katika kamusi, kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kukikagua. Changu kinasomeka hivi:

ushirikina: nomino ya ngeli ya U-. (1) Katika Uislamu, itikadi au tendo la kumpa Mwenyezi Mungu mshirika katika uungu, ibada au uwezo wake, pia shirki. (2) Katika matumizi ya jumla, kuamini au kutegemea nguvu za mizimu, hirizi, uaguzi na mfano wa hayo. Hutumiwa kwa lawama na mtu asiye miongoni mwa wanaotajwa. Asili: Kiarabu mushrikina, wingi wa mushrik, kutoka mzizi sh-r-k, "mu-" imegeuzwa kuwa kiambishi cha ngeli, "-ina" imebaki katika shina. Linganisha: shiriki, shirika, ushirika.

Kidahizo hiki kinahitaji ushahidi wenye tarehe kwa kila maana, na kwa maana ya pili mahali pazuri pa kutafuta ni magazeti ya zamani. Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanza kuchapishwa Nairobi mwaka wa 1939, lilikuwa na barua za wasomaji kutoka kila pembe ya nchi, na barua za wasomaji ndizo zinazoonyesha neno linavyotumiwa na watu wasio wanazuoni. Uliza nakala zake katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa kwenye Barabara ya Moi. Pitia kurasa hizo polepole, na ukipata sentensi yenye neno hili, nakili tarehe, ukurasa na mji alikoandikia mwenye barua, kisha uiweke chini ya maana inayohusika.